Abebe Bikila: miguu mitupu siyo iliyomshindisha Roma

Barabara ya kutoka Baraka kwenda Fizi-Centre ina kilometa thelathini na kitu. Inaanza chini, karibu na ziwa Tanganyika, kisha inapanda milima. Mtu akiikimbia yote, na akifika aongeze tena kilometa chache, hapo ndipo atakuwa amemaliza marathoni: kilometa 42 na mita 195. Tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka 1960, askari mmoja wa Ethiopia alikimbia umbali huo mjini Roma, inchini Italia, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuwa na viatu. Jina lake ni Abebe Bikila.

Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado hadithi yake inasimuliwa nusu. Watu wanakumbuka miguu mitupu, wanasema Mwafrika amezaliwa kukimbia, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa kijana wa Baraka, wa Fizi au wa Hauts Plateaux anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia pembeni ya barabara, nusu hiyo inapotosha. Inamfundisha kwamba kipaji kinatosha. Maisha ya Abebe yanaonyesha jambo lingine. Kipaji kilikuwepo, lakini kilichomfikisha Roma ni kocha mwenye saa mkononi, kazi ya kila siku iliyopimwa, na mpango. Na mguu ulipoumia, miaka nane baadaye, kipaji peke yake hakikumfikisha mwisho wa mbio.

Mchungaji aliyekuwa askari

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 mwezi wa nane mwaka 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa. Siku hiyohiyo, mbali sana na Jato, marathoni ya Olimpiki ilikuwa inakimbiwa Los Angeles, Marekani. Mtoto alikua akichunga mifugo milimani na kucheza gena, mchezo wa Ethiopia unaochezwa kwa fimbo na mpira.

Alikuwa bado mdogo wakati jeshi la Italia lilipovamia Ethiopia mwaka 1935. Familia yake ililazimika kuhama na kwenda kuishi Gorro, sehemu ya mbali. Wakaaji wengi wa Fizi wanajua hali hiyo: kuacha nyumba na mashamba, kuanza tena maisha mahali pengine, na watoto kukua katikati ya mambo hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Abebe alikwenda mji mkuu, Addis Ababa, akaingia katika kikosi cha walinzi wa mfalme Haile Selassie. Huko ndiko michezo ilimpata. Inasimuliwa kwamba aliwaona wanamichezo wa Ethiopia waliokwenda Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 wakiwa wamevaa nguo zenye jina la inchi yao mgongoni, akatamani kuvaa kama wao. Wakati huo alikuwa na miaka 24. Makocha wengi wa leo wanawatafuta wakimbiaji kuanzia shule ya sekondari. Abebe alichelewa, lakini alikuwa na mwili ulioimarishwa na milima, na maisha ya kambi yaliyomfundisha kulala, kula na kuamka kwa saa zilizopangwa.

Mswidi mwenye saa

Mtu aliyekibadilisha kipaji hicho kuwa ushindi anaitwa Onni Niskanen. Alizaliwa Finland mwaka 1910, akawa raia wa Uswidi. Katika Kivu ya Kusini tunawajua Waswidi kwa makanisa, shule na hospitali walizojenga tangu miaka ya 1920, kuanzia Uvira. Niskanen alifika Ethiopia mwaka 1946 kwa kazi nyingine: kufundisha michezo na mazoezi ya mwili.

Alitoka katika sehemu ya dunia ambako mbio zilikuwa zimeanza kufundishwa kama elimu. Uswidi kwenyewe, katika miaka ya 1930, kocha Gösta Holmér alikuwa ameanzisha mazoezi ya kubadilisha mwendo njiani: mkimbiaji anakwenda kasi kwa muda, anapunguza, anarudi tena kwenye kasi, bila kusimama. Ujerumani, Woldemar Gerschler akifanya kazi pamoja na madaktari alikuwa anapima mapigo ya moyo. Mkimbiaji alikimbia mpaka moyo ukaribie mapigo 180 kwa dakika, akapumzika mpaka yashuke karibu na 120, ndipo akaanza tena. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba anayetaka kukimbia mbali anapaswa tu kukimbia mbali kila siku. Hawa walionyesha kwamba muda wa kupumzika nao ni sehemu ya kazi, na unapimwa kama mbio zenyewe.

Niskanen alileta fikra hizo Addis Ababa, mji ulio kwenye mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari. Aliwapangia askari wake mbio ndefu barabarani, kupanda milima, na mbio za kurudiliwa uwanjani, kwa mfano mita 1,500 mara kadhaa na mapumziko mafupi katikati. Kila mara alipima muda. Aliwatumia pia sauna, chumba cha mvuke wa moto ambacho watu wa Finland wanakitumia kupumzisha mwili. Faida ya kupima ilionekana mapema. Katika mwezi wa nane mwaka 1960, wiki chache kabla ya safari ya Roma, Abebe alikimbia marathoni Addis Ababa kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Rekodi ya Olimpiki wakati ule ilikuwa ya Emil Zátopek wa Chekoslovakia, saa 2, dakika 23 na sekunde 3, aliyoiweka Helsinki mwaka 1952. Kwa hiyo, kabla ndege haijaondoka, kocha alikuwa anajua kwa hesabu kwamba mtu wake anaweza kushinda. Waandishi wa habari wa Ulaya hawakujua chochote.

Usiku wa Roma

Katika siku hizo Kongo ilikuwa na miezi miwili na siku kumi tu ya uhuru. Ethiopia ilikuwa moja ya inchi zilizotuma askari kwetu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Kongo haikuwa na mwanamichezo hata mmoja Roma.

Abebe na Niskanen walikuwa wameikagua njia ya mbio mapema. Waliona kwamba karibu na mwisho ingepita pembeni ya mnara wa jiwe wa Axum, ambao jeshi la Italia liliuchukua Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Walipatana kwamba hapo ndipo pa kuongeza kasi. Kulikuwa na sababu ya moyo, bila shaka, lakini pia sababu ya mbinu: ni mahali panapojulikana, ambapo mkimbiaji aliyechoka hahitaji kuhesabu kilometa zilizobaki.

Kuhusu viatu, jambo lilikuwa la kawaida. Viatu vipya alivyopata havikumkaa vizuri, na alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Kukimbia marathoni katika viatu vipya kunaleta malengelenge, na malengelenge yanaharibu mbio. Uamuzi wa kukimbia peku ulikuwa uamuzi wa kupunguza hatari. Haukuwa maonyesho.

Mbio zilianza jioni kwa sababu ya joto. Abebe alikuwa ameambiwa amwangalie hasa Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, aliyetazamiwa kuvaa namba 26. Lakini Rhadi alivaa namba 185. Abebe alikimbia muda mrefu akimtafuta mtu wa namba 26 mbele yake, wakati mtu mwenyewe alikuwa pembeni yake. Walikwenda pamoja kilometa nyingi, giza likaingia, askari wakishika mienge kuangaza njia. Walipoukaribia mnara wa Axum, Abebe aliongeza kasi. Alifika chini ya tao la Konstantino sekunde 25 mbele ya Rhadi. Ulikuwa muda bora kuliko wote duniani, akimpita Sergei Popov wa Umoja wa Kisovieti kwa chini ya sekunde moja. Abebe akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Mwenzake wa timu, Abebe Wakgira, alimaliza wa saba. Hilo nalo linasema kitu: kocha mmoja, mazoezi yaleyale, watu wawili kati ya saba bora duniani. Haikuwa bahati ya mtu mmoja.

Tokyo, akiwa amevaa viatu

Kurudi nyumbani hakukuwa na raha kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakubwa wa kikosi cha walinzi walijaribu kumpindua mfalme. Abebe, askari wa kikosi hicho, alikamatwa, kisha akaachiliwa. Mwaka 1961 alishinda marathoni Athene, Osaka na Košice. Mwaka 1963, kule Boston, alimaliza wa tano.

Mwaka 1964, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa operesheni ya kidole tumbo. Wengi waliona safari yake imekwisha. Niskanen alimrudisha kwenye mazoezi pole pole. Tarehe 21 mwezi wa kumi, Abebe alikimbia barabara za Tokyo kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, tena muda bora wa dunia, na aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alichelewa zaidi ya dakika 4. Alipovuka mstari, wakati wengine walikuwa wanaanguka, yeye alilala kwenye majani na kuanza kunyoosha miguu kama mtu anayejiandaa kwa mbio. Akawa mtu wa kwanza katika historia kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Safari hii alikuwa amevaa viatu. Jambo hilo halisimuliwi sana, kwa sababu halina mvuto wa Roma. Lakini ndiyo siku aliyokimbia vizuri kuliko zote.

Mguu uliokataa

Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Mexico, mji ulio kwenye mita 2,240. Ilikuwa pia mara ya kwanza inchi yetu kushiriki Olimpiki, ikipeleka waendesha baiskeli. Kwa wakimbiaji wa Afrika ya Mashariki, hewa ile nyepesi ilikuwa kama nyumbani, na Abebe alipaswa kuwa mbele. Lakini alifika akiwa na mguu unaouma. Alianza mbio, na baada ya kilometa kama 16 au 17 akaacha. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda, na Ethiopia ikapata dhahabu ya tatu mfululizo katika marathoni.

Hapa ndipo kazi ya kocha wa kisasa imebadilika kuliko sehemu nyingine yoyote. Leo mkimbiaji wa kiwango cha juu mwenye maumivu kwenye mfupa wa mguu anapelekwa kupigwa picha, anapunguziwa kilometa, anakimbia ndani ya maji au anapanda baiskeli ya mazoezi mpaka mfupa upone. Kumzuia mwanamichezo asikimbie kunahesabiwa kuwa ustadi sawasawa na kumkimbiza. Kwa mfalme wa marathoni wa mwaka 1968, mwenye inchi nzima inayomtazama, kukaa nje ilikuwa vigumu.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka 1969, Abebe alipata ajali akiendesha gari lake, Volkswagen aliyopewa na mfalme. Gari lilipinduka, naye akabaki amebanwa ndani mpaka asubuhi. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza na kukaa huko miezi minane. Miguu haikutembea tena.

Mtu huyo hakuacha michezo. Stoke Mandeville ndiko michezo ya walemavu ilikoanzia, kwa kazi ya daktari Ludwig Guttmann aliyeamini kwamba mazoezi ni dawa. Abebe alijifunza kulenga mishale, akashindana mwaka 1970. Mwaka 1971, nchini Norwe, alishinda mbio za kilometa 25 za sileji juu ya theluji. Alifariki tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka 1973, akiwa na miaka 41, kwa kutokwa damu kwenye ubongo, ambako kulihusishwa na ile ajali. Makumi ya maelfu ya watu walimzika Addis Ababa, mfalme akiwepo.

Kutoka Addis mpaka Kaptagat

Waliokuja baada ya Abebe wametengeneza elimu yake zaidi. Sayansi imeeleza kwa nini mlima unasaidia. Juu, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, na mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Lakini juu huwezi kukimbia kwa kasi ileile ya chini. Ndiyo maana mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, walionyesha faida ya kulala juu na kufanya mazoezi ya kasi chini.

Nchini Kenya, Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, amekuwa akiishi kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha Barcelona mwaka 1992. Kipchoge anajulikana kwa daftari anamoandika mazoezi yake, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023, Mkenya mwingine, Kelvin Kiptum, alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Kocha wake alikuwa Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Viatu vimebadilika, saa zimebadilika, chakula cha njiani kimebadilika. Kazi ya Niskanen bado ni ileile: pima, andika, pumzisha, kisha ongeza kidogo.

Mlima na ziwa katika eneo moja

Mtu akiitazama ramani ya Fizi kwa macho ya kocha, anashangaa. Baraka iko kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari. Juu yake, katika eneo lilelile, Hauts Plateaux inapita mita 2,000. Kulala juu na kukimbia kasi chini, jambo ambalo timu za Ulaya zinalipa pesa nyingi kulipata, hapa Mungu ameliweka katika territoire moja. Ng'ambo ya ziwa, huko Vugizo kusini mwa Burundi, ndiko alikotoka Vénuste Niyongabo, aliyeshinda mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, mara ya kwanza kabisa Burundi kushiriki Olimpiki. RDC, yenye watu wengi mara nyingi zaidi, mpaka michezo ya Paris mwaka 2024 haikuwa imepata medali hata moja ya Olimpiki.

Sababu ya kwanza inajulikana na kila mkaaji. Vita na vikundi vyenye silaha vimefunga njia kati ya mlima na ziwa. Kijana hawezi kupanga wiki ya mazoezi wakati hajui kama barabara itakuwa salama kesho. Hilo halirekebishwi na kocha.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji amani ya inchi nzima. Saa ya kupima sekunde iko katika simu nyingi za Baraka. Mapigo ya moyo yanahesabiwa kwa vidole viwili shingoni, sekunde 15, mara nne. Mita 400 zinaweza kupimwa kwa kamba kandokando ya uwanja wa mpira. Daftari la shule linatosha kuandika tarehe, umbali, muda, na namna mwili ulivyojisikia. Chakula cha msingi kipo: bugali unaleta nguvu, ndagala na maharagi vinajenga misuli.

Na kuna jambo moja ambalo kocha wa Fizi anapaswa kulijua kuliko kocha wa Finland: malaria. Ugonjwa huo unaharibu chembe nyekundu za damu, zilezile ambazo mlima unazijenga. Mkimbiaji anayejilazimisha kufanya mazoezi akiwa na homa, au siku mbili baada ya kumaliza dawa, anapoteza kazi ya wiki nyingi na anaweza kuhatarisha maisha yake. Kulala ndani ya chandarua ni sehemu ya mazoezi. Kumrudisha mgonjwa pole pole, kama Niskanen alivyomrudisha Abebe baada ya operesheni, ni sehemu ya mazoezi pia.

Linalokosekana zaidi ni watu wa kufanya kazi ya Niskanen: walimu wa michezo waliofundishwa, wanaobaki na kundi moja la vijana kwa miaka, wasiobadilishwa kila msimu. Niskanen alikuwa na miaka 14 Ethiopia kabla ya usiku wa Roma. Katika miaka hiyo dunia haikusikia habari zake. Alikuwa Addis Ababa na askari wake, akiwahesabia muda.